Safari ya Familia Unguja: Tuwaeleze Nini Watoto?

Wakati wa likizo familia nyingi za Dar es Salaam huvuka kwenda Unguja: saa mbili hivi kwa boti, siku mbili tatu za ufukweni, kisha nyumbani. Ni mapumziko mema. Tunashauri mtenge asubuhi moja kwa ajili ya Mkunazini.

Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wamisionari wa UMCA wakajenga kanisa kuu juu yake, na husimuliwa kuwa madhabahu iko penye mti walipochapiwa watumwa. Mbele yake mzazi hushawishika kusema, "Wakristo walikuja, utumwa ukaisha." Sivyo. Amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na muda wote huo watumwa walikuwa bado katika mashamba ya karafuu. Tena miongoni mwa wanunuzi wa awali walikuwamo Wafaransa wenye mashamba huko Mauritius na Réunion, watu waliobatizwa kama sisi.

Swali kwa kamati na vijana kabla ya safari: katika miaka hiyo 24, ni nani waliofaidika? Nauli za watoto wa wajane zitengwe mapema.