Somo la Juma: Kuwaheshimu Askari wa Akiba wa Majini



Kila tarehe 11 Novemba nchi hii huadhimisha Siku ya Maveterani. Watoto wetu hurudi kutoka shule wakiwa wamechora bendera, nao huuliza: "Baba, katika familia yetu yupo veterani?" Swali hilo si jepesi kwetu. Wengi wetu tulitoka Uvira, Fizi, Kalemie, Rumonge au Bujumbura tukiwakimbia watu wenye bunduki. Mzazi aliyelala porini na watoto kwa sababu ya askari hawezi kupiga makofi tu kwa kuona sare. Lakini leo vijana wetu wenyewe wanafikiria kujiunga na jeshi la nchi hii, na wengine wamekwisha kujiunga. Tukinyamaza, watajifunza mambo haya kwa wengine.

Kwa hiyo juma hili tujifunze habari za askari wa akiba wa majini. Tumewachagua hao kwa sababu watu wengi hawawajui, na kwa sababu historia yao imefika mpaka kwenye ziwa letu.

1. Askari wa akiba ni nani?

Askari wa akiba ni mtu mwenye kazi mbili. Siku za kawaida yeye ni dereva, muuguzi, fundi au mwanafunzi. Kwa desturi hufanya mazoezi ya kijeshi mwisho wa juma mmoja kila mwezi, na majuma mawili kila mwaka. Nchi ikimwita, anaacha kazi na nyumba yake na kwenda.

Tusome Nehemia sura ya 4. Waliojenga ukuta wa Yerusalemu hawakuwa jeshi. Walikuwa wafanya kazi na baba wa familia, nao walibeba mizigo kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili. Usiku walilinda na mchana walijenga. Tuangalie pia kwamba Nehemia aliwapanga kwa jamaa zao. Mmoja alipoitwa, nyumba nzima ilijua.

Akiba ya Jeshi la Majini la Marekani ilianzishwa kwa sheria ya tarehe 3 Machi 1915. Akiba ya Marine, ambao ni askari wa nchi kavu walio chini ya wizara ya jeshi la majini, ilifuata mwaka 1916. Akiba ya Walinzi wa Pwani ilianza Februari 1941. Katika Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi waliotumika katika Jeshi la Majini walikuwa wa akiba. Baada ya vita walio wengi walirudi kwenye mashamba, maduka na madarasa yao.

2. Waliotumika bila kuheshimiwa

Wazazi, hadithi hii inafaa kusimuliwa kwa watoto wetu. Mpaka vita ile Jeshi la Majini halikuwa na afisa hata mmoja Mweusi. Januari 1944 wanaume Weusi 16 walipelekwa kusomea uafisa katika kambi ya Great Lakes, Illinois. Mafunzo yao yalifupishwa, wakapewa majuma manane tu. Usiku taa zilipotakiwa kuzimwa, walifunika madirisha kwa mablanketi na kuendelea kusoma pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake alichokijua. Wote 16 walifaulu, lakini waliopewa vyeo walikuwa 13 tu. Wakaandikwa kuwa maafisa wa akiba. Baadaye waliitwa "Dhahabu Kumi na Tatu", lakini wakati ule kulikuwa na askari weupe waliokataa kuwapigia saluti.

Desemba mwaka uleule Harriet Ida Pickens na Frances Wills wakawa wanawake Weusi wa kwanza kuwa maafisa katika akiba ya wanawake ya Jeshi la Majini.

Watu hawa waliitumikia nchi ambayo haikuwatendea haki. Tunapowaheshimu hatusemi kwamba nchi hiyo haikukosea. Tunasema kazi yao ilikuwa njema, na kosa walilotendewa lilikuwa kosa.

3. Katika miji yetu

Buffalo. Karibu na Canalside, mahali ambapo familia nyingi hutembea wakati wa kiangazi, imefungwa meli ya kivita iitwayo The Sullivans. Ina jina la ndugu watano wa mama mmoja, wenyeji wa Waterloo, Iowa, ambao wote walikufa kutokana na kuzama kwa meli yao Juneau Novemba 1942. Mwaka 1964 meli hii iliwekwa katika akiba, ikawa inawachukua askari wa akiba kwa mazoezi yao ya majuma mawili. Mkipita hapo na watoto, waambieni kwamba waliojifunza ndani yake walikuwa watu wenye kazi nyingine, na Jumatatu walirudi kazini.

Louisville. Mto Ohio una maporomoko pale mjini, na zamani mashua nyingi zilipinduka hapo. Mwaka 1881 kiliwekwa kituo cha kuokoa watu, cha kwanza katika mito ya magharibi. Mwaka 1915 huduma hiyo ya uokoaji iliunganishwa katika Walinzi wa Pwani. Basi kuna askari wa majini ambao kazi yao kubwa ni kumtoa mtu kwenye maji. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans, Walinzi wa Pwani waliokoa watu zaidi ya 33,000, na askari wa akiba walikuwa miongoni mwao.

Columbus. Hapa tuende polepole. Mwaka 2005 kundi la akiba la Marine la mji huu, liitwalo Lima, lilitumwa Iraki, mkoa wa Anbar. Tarehe 3 Agosti bomu lililotegwa barabarani karibu na Haditha liliua Marine 14, na tisa kati yao walikuwa wa Lima. Mpaka muda wao ulipokwisha kundi lilikuwa limepoteza watu 23: Marine 22 na tabibu mmoja wa Jeshi la Majini. Wengi walikuwa vijana wa miaka ya ishirini. Mchoraji wa Columbus, Anita Miller, aliwachora wote 23 kwa kimo chao halisi, na mbele ya kila mmoja huwekwa jozi ya viatu vyake vya kijeshi na mshumaa. Picha hizo zilionyeshwa kwanza katika Bunge la Ohio mwaka 2008, kisha zikapelekwa sehemu nyingi za nchi.

Kuhusu vita ya Iraki tunajua kwamba watu wana mawazo tofauti, hata ndani ya makanisa yetu. Lakini mama aliyempoteza mwanawe haulizwi kwanza mawazo yake juu ya vita. Tunaomboleza naye. Sisi tunaojua kilio cha namna hiyo tusiwe wa mwisho kufika kwenye msiba.

4. Walifika hata Ziwa Tanganyika

Wazee wetu kutoka Kalemie na Kigoma huenda wamesikia sehemu ya habari hii. Mwaka 1915 Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Uingereza ikatuma kikosi kidogo cha wanamaji chini ya Kamanda Spicer-Simson, na wengi wa maafisa wake walikuwa wa akiba. Walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Zilikuja kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume huko Katanga, kisha zikavutwa porini kuvuka milima ya Mitumba, halafu kwa mto Lualaba na treni tena mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Kadhaa wao walipewa nishani, na vitabu vimeandikwa juu yao. Lakini nani alikata miti, akajenga madaraja na kusawazisha njia ili mashua zipite mlimani? Ni watu wa Katanga. Maji ya injini za mvuke yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya njiani waliyabeba vichwani. Katika vita ile yote ya Afrika Mashariki wapagazi walifikia mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina kutokana na kikosi chao. Majina yao wenyewe ni vigumu kuyakuta.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916. Baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba mnayoijua. Mwaka 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Wako kati yetu watu waliopanda meli hiyo. Kwa hiyo historia ya wanamaji wale imepita nyumbani kwetu pia.

5. Tuwaheshimuje?

Kwanza, kwa kusema kweli. Tusiwafundishe watoto kwamba kila vita ni njema, wala kwamba kila askari ni mwovu. Tuwasimulie habari za afisa mwenye nishani na za mama aliyebeba maji.

Pili, kwa kuzitunza nyumba zao. Askari wa akiba haishi kambini pamoja na familia nyingine za jeshi. Akiitwa, mke au mume wake anabaki hapa mtaani peke yake na watoto. Chakula, usafiri wa kwenda kanisani, na simu ya kumjulia hali ni heshima kuliko makofi ya siku moja. Na akirudi bila usingizi, au akiwa mkimya, tusimwambie asahau. Wengi wetu tunajua usiku wa namna hiyo.

Tatu, kwa kuwaongoza vijana kabla ya kutia sahihi. Kujiandikisha Selective Service si kujiunga na jeshi. Kujiunga ni mkataba, na kwa kawaida wajibu wake wote ni miaka minane, hata kama mazoezi ni ya mwisho wa juma tu. Mwenye miaka 17 hawezi kujiunga bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya mwaka 1994 inamlinda askari wa akiba asipoteze kazi yake kwa sababu ameitwa. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni mkalimani, mkaisome pamoja na kijana wenu. Kijana akiamua kwenda, aende akiwa ameagwa na wazazi, si kwa kujificha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika familia yetu nani alibeba mzigo wa vita bila kuandikwa popote? Tutaje jina lake mbele ya watoto.
2. Kwa nini Nehemia aliwapanga walinzi kwa jamaa zao?
3. Mtoto wetu akisema anataka kujiunga na akiba, tutamuuliza maswali gani?
4. Ni nyumba gani karibu nasi ambayo baba, mama au mtoto ameitwa? Nani atawatembelea juma hili?

Bwana awabariki, na awalinde walio mbali na nyumba zao.