Kuchekesha ni Kazi: Soma Mkataba Wako

Wengi wetu hapa Sigino tumemwona Mzee Majuto. Kama si kwenye kideo, basi kwenye simu ya mtoto. Tumemcheka mpaka mbavu zikauma. Leo tujifunze jambo kutokana na kazi yake.

Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani akiwa bado mtoto. Zilipokuja kanda za video, yeye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kurekodi vichekesho. Watu wakamwita King Majuto, yaani Mfalme Majuto.

Mwaka 2018 aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa. Ndipo watu wakaulizana: huyu anayejulikana nchi nzima, je, jasho lake alilipwa sawasawa? Mwaka huohuo Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, pamoja na ya Mzee Majuto. Mzee wetu alifariki tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga.

Sasa tutazame wachekeshaji wa nchi nyingine. Huko Marekani, katika mji wa New York, palikuwa na familia ya Marx. Baba, Sam, alikuwa fundi cherehani. Mama aliitwa Minnie. Walikuwa na vijana watano: Chico, Harpo, Groucho, Gummo na Zeppo. Vijana hao walichekesha watu jukwaani miaka mingi. Mwaka 1929 wanne kati yao walionekana katika sinema ya The Cocoanuts, nao wakapata sifa kubwa.

Je, nani alitafuta kazi na kupatana malipo? Ni mama yao. Minnie hakuwaachia wanawe wapatane peke yao. Alifariki mwaka huohuo wa 1929. Baadaye Gummo na Zeppo, ambao waliacha kuigiza, wakawa mawakala wa wasanii. Basi katika nyumba moja walikuwamo wa kuchekesha, na wa kushughulikia mapatano.

Mkataba ni nini? Ni mapatano kati ya watu, na kila mmoja anafungwa nayo. Siyo mambo ya wasanii tu. Ukikodisha shamba, ukikopa fedha, ukipatana na mnunuzi wa mbaazi, huo ni mkataba. Kabla ya kutia sahihi, angalia haya:

1. Majina. Ni nani hasa unayepatana naye?

2. Malipo. Ni kiasi gani, na yatalipwa siku gani? Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

3. Muda. Mapatano yanaanza lini na yanakwisha lini? Msanii aulize pia: muda ukiisha, na tangazo likiendelea kuonyeshwa, nitalipwa?

4. Nafasi tupu. Usitie sahihi kwenye karatasi yenye nafasi ambazo hazijajazwa. Na usiondoke bila nakala yako.

Kama maneno ni magumu, omba siku mbili tatu. Nenda nayo nyumbani, msome pamoja na mwenzako au mtoto aliyesoma. Mtu akikuharakisha, mwulize: haraka ya nini?

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba bila kujua tunakubali nini. Sasa tunajua kusoma. Lakini anayetia sahihi bila kusoma, ana tofauti gani na yule wa dole gumba?

Maswali

1. Mama Minnie aliwasaidiaje wanawe?

2. Taja mikataba miwili inayofanyika kijijini kwenu.

3. Andika mkataba mfupi wa kukodisha shamba ekari moja kwa msimu mmoja. Mpe jirani ausome. Je, ameelewa kila neno?