Samaki, Gunia na Kisiwa cha Mageta

Ukitaka kuelewa namna gereza linavyowapanga watu, anza na samaki.

Ufuoni Usenge, upande wa Yimbo katika Bondo, mbuta akishushwa kutoka kwenye mashua hutazamwa urefu kabla ya kupandishwa mizani. Kanuni za uvuvi zinataka awe kati ya sentimita 50 na 85. Aliye chini ya hapo bado hajazaa, na aliyezidi ndiye mzazi mkubwa anayelijaza ziwa mayai. Mkizozana, unaletwa utepe. Upime wewe, nipime mimi, au apime afisa wa uvuvi aliyetokea bila kutangaza, jibu ni lile lile, labda zipishane milimita chache. Tena samaki harefuki wala hafupiki kwa sababu amepimwa.

Hapo pana mambo matatu ambayo kipimo chochote lazima kiyatimize, cha maabara au cha sokoni. La kwanza, kinachopimwa kinajulikana: ni urefu, si tabia ya samaki. La pili, ukirudia kupima unapata jibu lile lile. La tatu, kupima hakukibadilishi kinachopimwa. Yashike haya matatu, maana sasa tunavuka maji.

Ukisimama Usenge na kutazama ziwani utakiona kisiwa cha Mageta. Leo ni kisiwa cha wavuvi, na boti za abiria huenda na kurudi. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 kukabili mapigano dhidi ya ukoloni, serikali ya kikoloni ilijenga kambi huko, na nyingine katika kisiwa cha Saiyusi. Waliofungiwa hawakuwa watu wa Yimbo. Walikuwa hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru waliosombwa kutoka Nairobi na nyanda za juu, wakaletwa mahali ambapo ziwa lenyewe lilikuwa ukuta na lugha ya wenyeji hawakuijua. J. M. Kariuki, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge, alipita Saiyusi, na mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu miaka yake saba kizuizini.

Lakini hakuna aliyefika Mageta kwa bahati nasibu. Kila mmoja alikuwa amepimwa kwanza.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na wanaume kwa maelfu wakapelekwa kuchujwa. Walipangwa mistari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevishwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, na kichwa kile ndicho kilichoamua. Maafisa walikuwa na rangi tatu. Mweupe alionekana hana neno na angeweza kurudishwa kwao. Wa kijivu alipelekwa kambi za kazi. Mweusi alikuwa sugu, na njia yake iliishia kwenye kambi za mbali, visiwa vya ziwa vikiwemo. Baadaye zikaja herufi badala ya rangi, Z kwa sugu na Y kwa wa kijivu, na mfumo mzima ukaitwa Bomba: mtu anaingia upande mmoja akiwa mweusi, anasukumwa kambi hadi kambi, anatokea upande wa pili akiwa mweupe.

Unaweza kuuchukia mfumo huo kwa sababu nyingi, na ni haki yako. Mimi leo nataka tuukague kama tunavyokagua mizani, tukiuliza kama hata ungesimamiwa na malaika ungefanya kazi.

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa kwa vidole. Chukua wanaume 1,000 waliokamatwa mtaani. Tuseme 100 kati yao ni viongozi wa kweli wa mapigano na 900 ni makuli, wapishi na wachuuzi. Sasa mpe yule wa gunia sifa asizostahili: hana chuki na mtu, hahongeki, na kila akitazama mtu anapatia mara 8 kati ya 10. Kwa macho ya kawaida huyo ni shahidi mzuri.

Kati ya viongozi 100, atawatambua 80, na 20 watapita kama weupe. Kati ya wasio viongozi 900, atakosea mara 2 kati ya 10, yaani atawatia weusi watu 180. Jumlisha: weusi ni 80 na 180, jumla 260. Basi ukimshika mmoja wa hao 260 mkono, ukamuuliza ni nani, uwezekano wa kuwa ni kiongozi kweli ni 80 kwa 260. Haufiki hata theluthi moja.

Rudia kusoma aya hiyo ikibidi, maana hapo ndipo wengi huteleza, wakiwemo wenye digrii. Shahidi anapatia mara 8 kati ya 10, lakini katika kila watatu aliowaonyesha, wawili hawamo. Hakuna kiini macho. Wasiohusika walikuwa wengi kupita kiasi, hivyo hata sehemu ndogo ya wengi ilizidi sehemu kubwa ya wachache. Ndivyo ilivyo na omena: wavu ukiwa na tundu moja baya na omena ni milioni, usishangae waliopita kwenye tundu wakitosha kujaza ndoo.

Badilisha namba moja uone. Tuseme kundi la 1,000 lina viongozi 500. Gunia lile lile litawatia weusi 400 wa kweli na 100 wa makosa, kwa hiyo katika kila watano, wanne ndio. Macho hayakubadilika, kilichobadilika ni bwawa walimovuliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayejisifu kwa kipimo chake si «unapatia mara ngapi?» Muulize kwanza amevua wapi.

Na hayo ni tukimchukulia mwenye gunia kuwa mwaminifu. Mtu wa kweli ndani ya gunia alikuwa na deni la kulipiza, au shamba la jirani analolimezea mate, au hofu kwamba asipoonyesha mtu ataonyeshwa yeye. Sifa ya pili ya utepe wetu ilikufa hapo: lete gunia jingine jioni, orodha inabadilika.

Ya kwanza ilikuwa imekufa kabla haijazaliwa. «Mweusi» alikuwa mweusi wa nini? Kama ni kula kiapo cha wapiganaji, kiapo hicho kilikuwa kimeenea mno miongoni mwa Wakikuyu hata kisiweze kumtenga muuaji na mkulima. Kama ni kosa, palihitajika mahakama. Kadiri miaka ilivyosonga, rangi ikaja kumaanisha jambo jingine kabisa, yaani kama mtu amekiri au bado. Na ukiri ulitafutwa kwa kiboko, kwa njaa na kwa kazi ya kuvunja mawe. Sasa tazama sifa ya tatu. Fikiria mchuuzi ufuoni anayemvuta mbuta mkiani mpaka afike sentimita 50, kisha anaandika 50. Hajadanganya kuhusu utepe. Amepima nguvu ya mkono wake, si samaki. Kambi za Bomba zilipima vivyo hivyo: zilipima mtu anastahimili maumivu kiasi gani, zikaandika matokeo kwenye safu ya «itikadi».

Kisa kimoja cha nyumbani kinaonyesha kipimo hicho kikigongana na kingine. Ramogi Achieng Oneko alikuwa mtu wa Rarieda, jirani na Bondo. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba, na Aprili 1953 wote sita wakahukumiwa. Mwanzoni mwa 1954 rufaa ya Oneko ikakubaliwa. Mahakama, kwa kipimo chake cha ushahidi, ilimwona hana hatia. Hakwenda nyumbani. Alitiwa kizuizini kwa amri ya Hali ya Hatari na akakaa humo hadi 1961. Kwa hiyo Wakikuyu walikuwa wakiletwa kufungwa karibu na kwao Oneko, naye Mjaluo akafungwa Manda, kisiwa kingine, karibu na Lamu.

Basi gereza lifanyeje? Lazima lipange watu kwa namna fulani. Huwezi kumlaza binti na wanaume, wala mtoto na jambazi.

Tazama sheria za leo zinavyouliza. Mtu akinyimwa dhamana katika mahakama ya Bondo, gari la magereza humpeleka rumande, tuseme Siaya, au Kodiaga kule Kisumu. Mlangoni swali la kwanza halimhusu yeye, linahusu karatasi: waranti iko wapi, imetiwa sahihi na nani? Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinakataza kumpokea mtu bila amri halali. Kisha jina, siku na saa ya kuingia, vitu alivyo navyo hadi simu na mkanda, na ndugu wa kuarifiwa. Kisha upangaji: mwanamke au mwanamume? Mahabusu au mfungwa aliyehukumiwa? Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa asichanganywe na anayetumikia kifungo, na kifungu hicho hicho kinakataza kumlazimisha mtu akiri. Sheria ya Magereza inaongeza makundi mengine, kama vijana na watu wazima, wa mara ya kwanza na waliowahi kufungwa, na wanaodhaniwa kuwa na maradhi ya akili, lakini inatia msamaha kwamba ni kadiri nafasi ya gereza inavyoruhusu. Msamaha huo umemeza mengi. Katika bweni lililojaa, makundi yote hulala bega kwa bega.

Umegundua maswali hayo yanafanana nini? Karibu yote yana jibu nje ya mdomo wa anayeulizwa. Hati ipo au haipo. Hukumu imetolewa au haijatolewa. Anaweza kuja mtu mwingine kesho, afungue daftari, apate jibu lile lile. Huo ni utepe. Gereza halikuanza kwa kuuliza moyo wa mtu una rangi gani.

Kikohozi nacho ni cha kundi hilo la utepe. Vijidudu vya kifua kikuu, alivyovitambua Robert Koch mwaka 1882, husafiri katika chembe ndogo mno, ambazo huelea saa kadhaa katika chumba kisicho na upepo. Katika boti ya wazi ziwani, kikohozi kinachukuliwa na upepo. Katika selo yenye dirisha la kiganja, kila pumzi ya mmoja inapita kwa wenzake. Ndiyo maana uchunguzi wa afya hautakiwi kungoja wiki: anayekohoa atengwe akiingia, makohozi yapimwe, na mashine za jeni siku hizi hutoa jibu kwa saa mbili hivi. Mwaka 1954 kambi ya Manyani ilishindwa somo hili kwa ugonjwa mwingine. Watu walijazwa kuliko maji na vyoo, homa ya matumbo ikalipuka na kuua.

Mapokezi yana kazi nyingine inayodharauliwa, kuandika majeraha aliyokuja nayo mtu. Huwezi kujua kitu kimebadilika kwa kukipima mara moja. Ukimkuta mtu ana mbavu zilizovunjika mwezi wa tatu, na hakuna aliyeandika mbavu zake zilikuwaje mwezi wa kwanza, kila upande utasema lake. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Serikali ilitoa taarifa kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa maiti ulikuta majeraha ya kupigwa, na taarifa ikaporomoka.

Limebaki swali moja lililo nusu utepe na nusu gunia: umri. Katiba inasema mtoto akizuiliwa atengwe na watu wazima, na mtoto ni wa chini ya miaka 18. Kijana anayeletwa kortini kwa kosa la nyavu au la pikipiki mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na mama yake anakumbuka mwaka wa mafuriko. Hakimu humtuma hospitalini. Daktari wa meno hutazama gego la mwisho, ambalo kwa wengi hutoka kati ya miaka 17 na 21 na kwa wengine halitoki maisha yao yote. Au hupigwa picha ya kifundo cha mkono, kuona mifupa imeungana kiasi gani, na picha ikalinganishwa na kitabu cha Greulich na Pyle, toleo la 1959. Picha za kitabu hicho ni za watoto wa Cleveland, Ohio, waliokuwa wameshiba, wa miaka ya 1930. Kosa la mwaka mmoja kwa kipimo hicho ni la kawaida, la miaka miwili si la ajabu.

Kwa hiyo karatasi inarudi imeandikwa «takriban 17 hadi 19». Sheria haina safu ya takriban. Hakimu akiandika 18 na kijana ni wa 17, mtoto atalala na watu wazima usiku huo huo. Akiandika 17 na ni wa 19, mtu mzima atalala na watoto. Makosa yote mawili yanawezekana na hayana bei moja, na utepe hauwezi kumwambia lipi ni ghali zaidi. Nje gari la magereza limeshawashwa, na karani anangoja namba moja ya kuandika.