Somo la Msafiri: Jinsi ya Kufunga Mzigo Mwepesi wa Kwenda Ng'ambo

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, vijana wengi wa Kenya huagana na jamaa zao na kwenda ng'ambo kutafuta elimu. Desturi hii si ngeni. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege moja kwenda Marekani, kwa mpango ulioongozwa na Bw. Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa huko. Tangu siku hizo mambo mengi yamegeuka, lakini moja limebaki vile vile: ndege haikubali kuchukua kila kitu ambacho msafiri angependa kwenda nacho. Somo hili laeleza sababu yake, na jinsi ya kufunga mzigo ulio mwepesi lakini wenye kutosha.

KWA NINI MIZIGO HUPIMWA

Ndege huinuliwa na hewa ipitayo kwa kasi katika mabawa yake. Kadiri ilivyo nzito, ndivyo ihitajivyo kasi kubwa zaidi kabla ya kuacha ardhi, na ndivyo inavyotumia mafuta mengi zaidi njiani. Tena Nairobi ina shida yake yenyewe. Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao sasa huitwa Uwanja wa Jomo Kenyatta, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, nayo hupunguza nguvu za mabawa na za injini pia. Hii ni sababu moja ya njia ya kurukia ndege kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 4. Kwa hiyo kila kilo huhesabiwa, na mtu azidishaye kipimo hana budi kulipa.

HESABU YA SANDUKU

Makampuni mengi ya ndege humruhusu msafiri sanduku lisilozidi kilo 23, na mkoba mdogo wa mkononi, mara nyingi wa kilo 7 au zaidi kidogo. Kwa kuwa kila kampuni ina kanuni zake, yafaa tikiti isomwe vizuri kabla ya kufunga kitu chochote.

Tuseme mwanafunzi aendaye Uingereza ameruhusiwa sanduku moja la kilo 23. Sanduku lenyewe, likiwa tupu, lina kilo 4. Nguo ni kilo 9, viatu kilo 1, vitabu kilo 5, unga wa mahindi kilo 4, na zawadi alizopewa na jamaa kilo 6. Jumla ni kilo 29. Amezidisha kilo 6.

Apunguze nini? Unga wa mahindi hupatikana madukani katika miji mikubwa ya Uingereza. Akiuacha ameokoa kilo 4. Vitabu vingi atavikuta katika maktaba ya chuo. Akiacha vya kilo 3 ameokoa jumla ya kilo 7. Sasa sanduku lina kilo 22, na kikapu alichosukiwa na mama yake hakikuguswa. Mwenye busara huacha kile kinachopatikana kule aendako, akachukua kile kisichopatikana.

Kazi hii ifanywe nyumbani, siku tatu kabla ya safari. Mizani ya mwenye duka yatosha. Afunguaye sanduku lake mbele ya watu uwanjani, huku saa ya kuondoka inakaribia, hutupa vitu bila kuchagua.

NGUO

Nguo za juma moja zatosha, kwa maana nguo hufuliwa. Dhidi ya baridi, nguo nyembamba tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushika joto vizuri, nazo huchukua nafasi ndogo. Koti zito na viatu vizito vivaliwe siku ya safari, visiwekwe sandukuni. Soksi zaweza kujazwa ndani ya viatu.

MKOBA WA MKONONI

Humu huwekwa vitu ambavyo msafiri hawezi kukaa bila navyo endapo sanduku litachelewa: pasipoti, barua ya chuo, fedha, dawa pamoja na cheti cha daktari, na nguo za kubadili mara moja. Betri za akiba za simu nazo hukaa humu, kwa sababu zaweza kushika moto, na moto katika chumba cha mizigo ni vigumu kuuzima. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vimeweka kanuni kwamba kila chupa ya mafuta, sabuni ya maji au manukato iliyo mkobani isizidi mililita 100.

VITU VYA KUACHA

Uingereza hairuhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama wala vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa. Nyama iliyokaushwa na samli, hata zikiwa zimefungwa kwa upendo mwingi, huchukuliwa na maofisa wa forodha na kuharibiwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni furushi la mtu mwingine. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini uwanjani mzigo huo ni wa yule aliyekutwa nao. Dawa za kulevya zikionekana ndani yake, kusema "nimepewa nipeleke" hakutamwokoa, naye aweza kufungwa miaka mingi katika nchi ya ugeni. Mtu aombwaye kupeleka kifurushi ana haki ya kukifungua na kukitazama chote. Mwenyewe akikataa kifunguliwe, kibaki nyumbani. Kumkatalia jirani ni aibu ya siku moja.

MASWALI

1. Kwa nini ndege nzito huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia Nairobi kuliko Mombasa?

2. Sanduku tupu lina kilo 3, nguo kilo 10, viatu kilo 2, vitabu kilo 6 na zawadi kilo 5. Ikiwa kipimo ni kilo 23, mwenyewe apunguze kilo ngapi, na aanze na kitu gani?

3. Taja vitu vitatu visivyofaa kuwekwa katika sanduku kubwa, na sababu ya kila kimoja.