Niliyojifunza Katika Kliniki ya Tiba ya Umeme, Uskoti

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia kwamba mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba ya mshtuko wa umeme, huuliza kama wagonjwa hufungwa kamba. Haya ndiyo ninayowajibu.

1. Mgonjwa hausikii umeme. Huchomwa propofoli akalala, kisha suksamethoniamu ya kulegeza misuli. Degedege huisha kwa kawaida chini ya dakika moja. Madaktari Cerletti na Bini walipoanza tiba hii Roma mwaka 1938 hawakutumia dawa hizo, na wagonjwa wa zama zile walivunjika mifupa. Zipo hospitali duniani zinazoendelea bila dawa hizo hata leo, na Shirika la Afya Duniani linapinga. Nami napinga.

2. Unapoishi panaamua mengi kuhusu kuipata tiba hii. Uskoti ina bodi 14 za afya za mikoa, na mtandao wa SEAN hukagua kliniki za tiba hii na kutoa ripoti. Viwango vya matumizi havilingani baina ya bodi, wala sidhani sonona kali inafuata mipaka ya bodi hizo. Kuna daktari anayeiona tiba hii mapema, na kuna anayeikumbuka dawa zote zikishashindwa. Kuna suala la kumpata daktari wa usingizi. Kuna safari: tiba ni mara mbili kwa wiki, pengine kwa wiki sita, na mgonjwa huja na njaa, maana hali kitu tangu usiku. Namkumbuka bibi aliyekwisha kuacha kula na kunywa. Baada ya tiba chache aliomba chai. Angekuwa wa kisiwa cha mbali, asiyeweza kwenda na kurudi, ingebidi alazwe bara, mbali na watu wake.

3. Takriban theluthi mbili ya tunaowatibu ni wanawake, wengi watu wazima wenye sonona. Katika nchi nyingi za Asia na Afrika, wanaopewa zaidi ni vijana wa kiume wenye skizofrenia. Mashine ni ile ile.

4. Akikataa mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua, basi. Sheria ya afya ya akili ya Uskoti ya 2003 hairuhusu kumlazimisha, hata kwa dharura. Asiye na uwezo huo lazima aonwe na daktari wa pili kutoka nje, isipokuwa kwa dharura.

5. Kumbukumbu hupotea. Nyingi ni za wiki zile za tiba na baadhi hurejea, ila wapo wanaopoteza za zamani moja kwa moja. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi, na kumbukumbu zake zipimwe kabla ya tiba, katikati, na miezi kadhaa baadaye.