Goti la Mcheza Mpira: Uvimbe Ukiisha, Je, Amepona?

Tufikiri habari ya kijana mmoja. Ni jioni, mpira unachezwa Kiringye, kama unavyochezwa katika vijiji vyote vya uwanda wa Ruzizi. Kijana anakimbia, kisha anataka kugeuka ghafula. Mguu wake umeshika chini, lakini mwili umegeuka. Anasikia kitu kinapasuka ndani ya goti, naye anaanguka. Hakuna mtu aliyemgusa. Kabla ya giza kuingia goti limevimba kama chungu. Baada ya majuma matatu uvimbe umekwisha, naye anasema, "Nimepona." Anarudi kiwanjani. Siku ile ile goti linateleza tena, na sasa hawezi hata kulinyoosha.

Ndugu msomaji, kijana huyu alikosa wapi? Tujifunze pamoja.

1. Goti limeundwa namna gani?

Katika goti mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi. Mbele kuna pia ya goti. Mifupa hii haikuingizwa mmoja ndani ya mwingine. Imefungwa pamoja kwa kano ngumu, kama miti ya nyumba inavyofungwa kwa kamba. Kano mbili ziko kando, moja kila upande. Nyingine mbili ziko ndani kabisa, nazo zinapishana kama msalaba. Ile ya mbele inauzuia muundi usiteleze mbele, tena inashika goti wakati mtu anapogeuka. Hiyo ndiyo inayokatika mara nyingi kwa wacheza mpira. Katikati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu, vyenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kama mto wa kulalia: vinazuia mfupa usisagane na mfupa.

Sasa fahamu jambo hili. Kamba ikikatika, nyumba haianguki siku ile. Lakini kila upepo ukija, miti inacheza. Vivyo hivyo goti lisilo na kano linacheza, na kila linapoteleza linatafuna gegedu. Gegedu likiharibika, mtu huweza kuwa na goti la kuuma hata uzeeni.

2. Siku ya kuumia

Acha mchezo mara moja. Usijaribu kuona kama goti litakubali. Lala, inua mguu juu ya mto au nguo zilizokunjwa. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kwa dakika 15 au 20, kisha rudia baada ya saa mbili au tatu. Lizungushie goti kitambaa, lakini usikaze mno. Vidole vya mguu visifanye ganzi.

Mambo haya yasifanyike: usilichue goti kwa nguvu, usilivute, usilichanje, wala usiweke maji ya moto siku za kwanza. Wako wazee wanaopenda kumsaidia mgonjwa kwa kumvuta mguu. Wanafanya kwa upendo, lakini ndani ya goti kuna damu na kano iliyokatika, na kuvuta kunaongeza madhara.

Nenda hospitali siku ile ile kama goti limepinda vibaya, kama huwezi kukanyaga, au kama mguu umekuwa baridi au hausikii. Hata pasipo dalili hizo, goti lililovimba upesi baada ya kugeuka lionwe na daktari katika siku chache.

3. Hospitalini

Wengine hufurahi wakiambiwa kwamba picha ya mifupa ni nzuri. Lakini picha ile inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Kwa hiyo daktari anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, anaukunja mguu kidogo, anauvuta muundi mbele. Kisha anapima mguu mzima vilevile, alinganishe. Katika miji mikubwa iko mashine inayoonyesha kano yenyewe.

Kano ya ndani ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi vizuri yenyewe. Daktari wa upasuaji huweza kuchukua kano nyingine ya mgonjwa, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, akatoboa mifupa na kuipitisha pahali pa ile iliyokatika. Lakini kano hiyo ni kama mche uliohamishwa. Miezi ya kwanza ni dhaifu, mpaka mishipa midogo ya damu iingie ndani yake. Haiwezi kuharakishwa kwa dawa wala kwa ushujaa.

4. Mchezaji wa Kongo aliyengoja

Wengi wanamjua Yannick Bolasie. Mwaka 2015 alikuwa katika timu ya Kongo iliyopata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika. Tarehe 4 Desemba 2016, akiichezea Everton ya Uingereza dhidi ya Manchester United, aliumia kano ya ndani ya goti. Alikuwa na miaka 27. Alirudi katika mashindano tarehe 26 Desemba 2017, mechi na West Bromwich Albion. Hesabu mwenyewe: ni mwaka mmoja na siku 22. Tarehe 31 Machi 2018 alifunga goli mbele ya Manchester City, na mwaka 2019 alikuwa Misri pamoja na timu ya Kongo katika Kombe la Afrika.

Tazama: mtu huyu alikuwa na timu yenye fedha na madaktari wake, naye alikaa zaidi ya mwaka mzima. Sisi tulio na msaada kidogo, je, yafaa kurudi kwa majuma matatu?

Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2016 ulifuata wagonjwa 106 waliotengenezwa kano hii. Ulionyesha kwamba kila mwezi mtu aliongeza kungoja, mpaka miezi 9, hatari ya kuumia tena ilipungua karibu nusu. Kungoja ni dawa, wala haiuzwi dukani.

5. Kazi ya kurudi

Kungoja si kulala. Mguu usiofanya kazi unakonda upesi. Fuata hatua hizi kwa shauri la daktari au muuguzi:

Kwanza, nyoosha goti kabisa. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, ulikandamize chini, uhesabu mpaka 5, upumzike. Fanya mara 10, asubuhi, adhuhuri na jioni.

Pili, inua mguu ulionyoshwa. Jifunze kutembea bila kuchechemea.

Tatu, keti na kuinuka kitini pasipo kutumia mikono. Panda ngazi moja na kushuka. Simama kwa mguu mmoja.

Nne, karibu na mwezi wa nne, daktari akikubali, kimbia polepole na kwa mstari ulionyoka.

Tano, ruka, kisha geuka. Baadaye cheza na wenzako mazoezini.

Mwisho ni mashindano, si kabla ya miezi 9 tangu upasuaji. Jipime hivi: ruka kwa mguu mzima, pima umbali, ruka kwa mguu ulioumia. Usipofikia sehemu 9 katika 10, goti bado. Na kila goti linapovimba baada ya kazi, rudi hatua moja nyuma.

6. Kama upasuaji haupatikani

Upasuaji huu si wa kila hospitali, tena ni ghali. Usikate tamaa. Watu wengi waliotia nguvu paja lao kwa mazoezi hayo wanatembea, wanalima na kubeba mizigo vizuri. Lakini lazima niseme kweli: mchezo wa kugeuka na kuruka una hatari kwa goti linaloteleza. Huenda ikakupasa kuuacha. Kiwanja ni saa moja na nusu, lakini shamba la muhogo linakungoja miaka 40.

7. Wajibu wa wengine

Mwalimu wa timu, usimwite mgonjwa mwoga. Kabla ya mchezo wape vijana na wasichana dakika 20 za kujitayarisha: kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yasiangukiane ndani. Wasichana huumia kano hii zaidi ya wavulana, basi usiwasahau.

Jamaa na washiriki wa kanisa, mpalilieni shamba lake. Kijana anayeona magugu yanaota atainuka kabla ya wakati. Mkimsaidia kwa jembe, mmelisaidia goti lake.

Maswali

1. Kwa nini picha ya mifupa haitoshi?
2. Uvimbe ukiisha, ni kitu gani kilichobaki hakijapona?
3. Ni nani katika kijiji chako anayechechemea tangu mchezo wa zamani? Umempeleka kwa daktari?