Wifi ataka ukuta mwekundu, mume ataka alumini

SWALI

Mimi ni mke wa mtu, naishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Tuko ghorofa ya pili pamoja na mama mkwe. Sebule yetu ina madirisha matatu yanayotazama magharibi, na juu ya kila dirisha kuna tao la vioo vya rangi: vyekundu na vya manjano kwa wingi, buluu kiasi, na kijani kidogo pembeni. Vimo tangu nyumba ilipojengwa. Kipande kimoja chekundu kimevunjika, na mvua ikija na upepo maji yanaingia.

Baada ya miezi miwili wifi yangu anamuoza binti yake, na shughuli ya wanawake itafanyika sebuleni kwetu. Kuta ni za chokaa ya zamani, inabanduka, kwa hiyo lazima tupake. Wifi anataka tuchukue rangi za vioo tuzirudie ukutani: ukuta mmoja mwekundu, wa pili kijani. Mume wangu anasema tung'oe vioo vyote tuweke madirisha ya alumini ya kusukuma, yaishe. Fundi anashauri rangi ya maji inayong'aa, ile inayofutika kwa kitambaa. Mimi nilipenda kijivu, nimekiona kwenye simu, lakini sijathubutu kusema. Mama mkwe anasema tu, “Ifanyeni ilivyokuwa,” na akiulizwa ilivyokuwa, hakumbuki.

Nimsikilize nani bila kumuudhi mwengine?

Mke wa Ghorofani, Mji Mkongwe

JIBU

Mwanangu, umeuliza swali la rangi, na ndani yake umeficha swali la wakwe. Nitaanza na la rangi, kwani hilo likieleweka, ugomvi wenyewe utapungua.

Hukumu yangu ni hii: vioo vibaki, kuta zipakwe chokaa nyeupe iliyotiwa ujoto kidogo, na rangi anazozitaka wifi yako zihamie kwenye vitambaa. Sasa nikupe sababu, ili uwe na la kusema mkikaa kikao.

Jua la alasiri ndilo linaloipaka rangi sebule yenu. Dirisha la magharibi hupata jua la moja kwa moja baada ya adhuhuri, na kadiri jua linavyoshuka, mwanga hulala zaidi na kufika mbali zaidi ndani. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Basi ikigonga saa kumi na moja, rangi za vioo zimeshavuka sakafu na kuupanda ukuta wa upande wa pili. Ukuta huo unaotazamana na madirisha ndio wa kuamulia rangi. Ule wenye madirisha mchana hamuuoni vizuri, macho yanavutwa na mwanga.

Ukuta mweupe hurudisha kila rangi inayouangukia. Ukuta mwekundu hurudisha wekundu na kumeza kijani na buluu, kwa hiyo mwanga wa kioo cha kijani ukiuangukia utaona doa jeusi lisilo na maana. Ukuta wa kijani nao hufanya hivyo hivyo kwa mwanga mwekundu, na kwenu vioo vyekundu ndivyo vingi. Wifi yako anadhani atavisaidia vioo kwa kuvirudia, kumbe atavinyamazisha. Mwambie kwa lugha anayoijua: mwanamke aliyejifunga kanga yenye mji mkali havai juu yake blauzi ya maua.

Na wewe, kijivu chako kiache kwenye simu. Kijivu hupunguza kila rangi inayokiangukia, na tena hakitulii. Kikiwa karibu na mwanga wa manjano jicho hukiona kama kina ubuluu. Jioni ambayo vioo vyenu vinawaka, ukuta wenu utaonekana umepoa na kuchafuka.

Lakini “nyeupe” nayo si moja. Mafundi wengi wa chokaa hutia buluu ya kufulia ili ukuta uonekane safi. Kwenye chumba chenye vioo vya buluu na kijani ingekufaa. Kwenu, penye wekundu na manjano mengi, itaufanya mwanga upooze. Tia badala yake udongo wa manjano, ile rangi ya unga itokanayo na madini ya chuma, kidogo tu, mpaka upate rangi ya ganda la yai. Unga huo haudhuriwi na ukali wa chokaa, na hata ungependa rangi iliyokolea zaidi, usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, ama sivyo ukuta utakuwa unaacha vumbi kwenye mabuibui ya wageni.

Kuhusu fundi na rangi yake inayong'aa, hapo nina sababu mbili za kukataa. Ya kwanza ni ya macho: ukuta unaong'aa hukupigia mwanga usoni badala ya kuueneza, na alama za rangi zitakatika vipande vipande. Ya pili ni ya nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu, hunywa unyevu kutoka chini na kutoka kwenye hewa ya bahari, kisha huutoa polepole. Rangi ya plastiki kama hiyo ya fundi huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, ukuta hutoka malengelenge, na baada ya muda lipu hudondoka. Plasta ya saruji huleta balaa hilo hilo. Chokaa huacha unyevu utoke.

Kazi ya chokaa haihitaji fedha nyingi, inahitaji subira. Kwanza mkwangue kilichobanduka, na kama kuna mahali palipopakwa rangi ya plastiki au ya mafuta, paondolewe kabisa, kwa sababu chokaa haishiki juu yake. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, kwa hiyo pasisuguliwe pakiwa pakavu, palowanishwe kwanza, na watoto wasiwepo. Kisha ukuta unyunyiziwe maji, ipakwe chokaa nyepesi kama mara nne au tano, kila mkono ukiachwa siku nzima. Ikiwa mbichi utaona kama hamna kitu, ukuta wote unaonekana kupitia humo. Usiogope wala usimwache fundi aizidishe unene. Inapokauka ndipo inapokuwa nyeupe, na huendelea kukomaa kwa kunywa hewa. Miezi miwili mnayo, inatosha, ila msianze wiki ya mwisho.

Dari mpakeni chokaa hiyo hiyo, boriti pamoja, ili mwanga unaoruka kutoka sakafuni urudi chini. Mbao za madirisha msizipake nyeupe. Mbao zilizokolea, zikasafishwa na kupakwa mafuta ya mbao, huzizingira rangi za vioo na kuzifanya zionekane wazi. Ukizipaka nyeupe zitakuwa zinameremeta kuliko vioo.

Usiku nao ufikirie, kwani shughuli nyingi za wanawake huendelea mpaka usiku. Jua likishazama, kioo cha rangi kikitazamwa kutoka ndani huwa cheusi. Hapo chumba hutegemea ukuta na balbu tu. Soma namba kwenye boksi la balbu: ile ya 6500 hutoa mwanga mweupe wa kibuluu, nayo italiharibu ganda la yai lako. Chukua ya 2700 au 3000. Ukitaka wageni wanaopita njiani wavione vioo, basi taa ya ndani itawafanyia kazi hiyo, kwa sababu usiku rangi huonekana kutokea nje.

Sasa vitambaa, na huu ndio uwanja wa wifi yako. Mwache achague matakia, mapazia na vitambaa vya meza, kwa masharti mawili. Kwanza achukue rangi iliyo chache kwenye vioo. Kwenu ni kijani, na akitie kilichotulia, kama cha jani la mkarafuu lililokomaa. Wekundu na manjano vimeshajaa madirishani. Pili, fimbo za mapazia zifungwe chini ya matao, pazia lizibe dirisha la chini tu. Na wanunue kitambaa wakijua kwamba jua hupausha, hasa vyekundu. Kioo chenyewe hakipauki, kwa kuwa rangi yake imo ndani ya kioo tangu kilipoyeyushwa: kobalti hutoa buluu, chuma hutoa kijani, na dhahabu kidogo mno huweza kutoa wekundu. Sakafuni tandikeni mikeka ya ukindu usiotiwa rangi, alama za jioni zitaonekana juu yake vizuri kuliko kwenye zulia la maua.

Jambo moja la siku yenyewe: bibi harusi asikalishwe mahali panapoangukia mwanga wa kijani au buluu. Ngozi itaonekana ya mgonjwa kwenye kila picha. Jaribuni siku chache kabla, saa ile ile ya shughuli, mumkalishe mtu hapo. Msitegemee alama mlizoziona miezi mingi nyuma: Desemba jua huzama upande wa kusini wa magharibi, Juni huzama upande wa kaskazini, na alama huhama ukutani mwaka mzima.

Tuje kwa mume wako. Usimbeze, maana maji yanaingia kweli, na kioo kimevunjika kweli. Tatizo lake lina dawa isiyokuwa alumini. Fundi seremala akaze mbao zilizolegea na abadilishe ile gundi iliyokauka inayoshikilia vioo. Kipande cha kioo kilichovunjika mwende nacho dukani, na mlinganishe kwa kuvinyanyua vyote viwili juani. Kioo cha rangi kikiwa kimelala mezani huonekana cheusi na kitawadanganya. Msizibe pengo kwa kioo kisicho na rangi, kwani mwanga mweupe wa pale utazifunika rangi za jirani zake. Tena, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kubadilisha madirisha ya nyumba ya zamani kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Akiweka alumini bila kuuliza, huenda akalipa mara mbili. Mwombe siku moja mwende mkaitazame Zahanati ya Kale pale Mizingani. Mfanyabiashara Tharia Topan alianza kuijenga 1887, akafa kabla haijakwisha, ikakamilika 1894. Watu wanavuka bahari kuja kupiga picha roshani zake na vioo vyake vya rangi. Cha aina hiyo kiko juu ya dirisha lake, na anataka kukiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Mama mkwe hakukosea, ila kumbukumbu yake inataka msaada. Nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, kwangueni sehemu ndogo kwa kisu, pole pole, upana wa kiganja. Mtaona tabaka moja baada ya jingine, kila moja na rangi ya wakati wake. Mwiteni aangalie. Atakumbuka mengi, na atakuwa ameshirikishwa kabla fundi hajafungua ndoo.

Mwisho, msiamue kwa maneno. Chukueni vipande vinne vya mbao bapa, kila kimoja upana wa mkono: kimoja mkipake chekundu cha wifi, kimoja kijani chake, kimoja kijivu chako, kimoja chokaa yenye udongo wa manjano. Visimamisheni kwenye ukuta unaotazamana na madirisha. Vitazameni asubuhi saa tatu, jioni saa kumi na moja, na usiku taa ikiwa imewashwa. Muwepo nyote, na mama mkwe apewe kiti. Wifi aone mwenyewe kijani kikifa juu ya wekundu wake, na wewe uone kijivu chako kikichafuka. Akishindwa na jua hatasema ameshindwa na wewe.

Umeniuliza umsikilize nani. Kwenye madirisha msikilize mama mkwe, kwenye maji yanayoingia msikilize mume, kwenye matakia msikilize wifi, na kwenye chokaa usimsikilize fundi anayetaka kumaliza kesho. Ila la kijivu ulilolificha, litoe hadharani siku ya kupima mbao. Nyumba ni ya ukoo wao, lakini wewe ndiye utakayekaa sebuleni hapo kila jioni wageni wakishaondoka, na haki ya kusema unayo.